Mkono wa Bonyeza

Fomu ilirudi mezani kwake ikiwa na neno moja tu, limeandikwa kwa wino mweusi na kupigiwa mistari miwili chini: Rudia.

Bonyeza aliisoma mara tatu. Arudie nini? Yeye? Mtu aliyekaa chumba cha picha miaka kumi na mitatu, akapiga eksirei za vifua na miguu mpaka akawa anaota mifupa, na tangu mashine ya ultrasaundi iletwe pale hospitalini hakuna mwingine anayeishika ila yeye? Na neno lenyewe limeandikwa na yule daktari wa viungo, mama mfupi asiye na maneno mengi, anayekuja mara mbili tu kwa mwaka, Alhamisi na Ijumaa, kisha huyoo, kaondoka. Ati rudia.

Kilichomkera zaidi ni jina lililokuwa juu ya fomu. Lilikuwa la dada yake.

Lakini tuseme kwanza habari ya hili jina la Bonyeza, maana halikudondoka kutoka mbinguni. Alipewa na wajawazito. Mjamzito huambiwa anywe maji mengi kabla ya kupimwa, kibofu kijae, picha itoke vizuri. Sasa mtu ana lita nzima ya maji tumboni, amebana miguu kwenye benchi tangu saa mbili, hatimaye anaitwa ndani, na huyu bwana anachukua kichwa cha mashine, kile kidude cha kushika mkononi, anakididimiza kama anayetafuta ufunguo ulioangukia nyuma ya godoro. "Kaka, utanitia aibu hapa!" wanalia. Yeye hata hageuki. "Bonyeza ndiyo uone," anawajibu. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa matumbo hakukosea. Mafuta na hewa havikupishi mpaka uvisukume. Basi wakamwita Bonyeza, wauguzi wakalidaka, na yeye mwenyewe akawa analiitikia kwa fahari.

Nyumbani aliitwa Daktari. Hakuwa daktari. Mwanzoni alikuwa akikanusha, baadaye akachoka kukanusha, na baadaye zaidi, tuseme ukweli, akanogewa. Mama yake alikuwa na kichwa kikubwa juu ya jambo hilo. Mtu akikohoa tu mlangoni pake anaambiwa subiri Daktari aje Jumapili.

Na aliyemfikisha kwenye huo udaktari wa mdomoni ni dada yake huyohuyo. Baba yao alipofariki, Dada aliacha shule akaenda kusuka nywele ili mdogo wake asiache. Alikuwa msusi hasa. Alisuka mistari midogo kama punje za ulezi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba watoto walisinzia wakisukwa. Mwulize mtu yeyote aliyewahi kumsuka mtoto wa miaka minne kama hilo ni jambo dogo.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili vidole hivyo vimegoma. Asubuhi haviwezi kukunja ngumi. Vimevimba kidogo kwenye vifundo, vinauma, vimekakamaa, mpaka saa nne au saa tano ndipo vinaanza kulegea. Wateja wa asubuhi wakahama mmoja mmoja. Mwenye saluni, mama wa watu aliyemstahi miaka yote, alimwita pembeni akamwambia kwa upole ambao ulimuumiza kuliko matusi: lete karatasi ya hospitali inayosema unaumwa nini, na mimi nitakushikia kiti chako mpaka upate nafuu, usipoleta, Jumatatu namkalisha mwingine.

Na karatasi ya hospitali ilikuwepo tangu miezi sita iliyopita. Ilisema hana kitu. Iliandikwa na mdogo wake.

Mambo yalikwenda hivi. Eksirei ilionyesha mifupa safi. Damu ilipimwa, nayo safi. Daktari wa viungo akasema hilo halimalizi kesi; wapo watu wana baridi yabisi na damu yao haisemi lolote, na mfupa huwa wa mwisho kulalamika. Akataka ultrasaundi ya vidole. Akamweleza Bonyeza anachotafuta: ile ngozi laini inayofunika kiungo kwa ndani, je, imevimba, na je, damu inaikimbilia? Mashine ina kitufe cha rangi. Ukikiwasha, mahali damu inapokwenda mbio skrini inawaka nyekundu. Bonyeza hakuwahi kupima vidole, ila kidole ni kitu gani mbele ya mtu aliyepima maini? Akapima kifundo baada ya kifundo. Skrini ikabaki kijivu tupu. Akaandika kwamba hakuna dalili ya uvimbe wenye moto, akapiga saini. Tena Jumapili yake mezani, mdomo umejaa, akatangaza mbele ya Mama na jamaa wote: "Nimemwangalia kwa macho yangu. Dada ni mzima kama mimi."

Laiti angeendelea kutafuna tu.

Maana tangu siku ile Dada akisema vidole vinauma, Mama anamkata kauli: "Daktari kashasema huna kitu. Nyanyuka." Mama hakuwa na roho mbaya. Alimwamini mwanawe, basi. Na Dada, ambaye hakuzoea kubembeleza mtu amwamini, akanyamaza. Watu wakaona amenyamaza, wakasema amepona.

Alhamisi ile, wagonjwa walipokwisha, Bonyeza alimfuata daktari wa viungo kwenye korido, fomu mkononi.

"Daktari, hii nilishaifanya. Haikuwa na kitu."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Nimeshika mikono yake leo," daktari alisema. "Mikono inaniambia kitu, picha yako inaniambia kingine. Dawa ninayotaka kumpa ni kali, siwezi kumpa kwa kuhisi tu. Rudia kesho asubuhi. Ikitoka safi tena, nitamtoa kwenye orodha yangu."

Akaenda zake. Bonyeza alibaki amesimama pale kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Alirudi chumbani akaiwasha mashine akajipima mwenyewe. Akaweka kwenye mshipa wa mkono, akabonyeza, akawasha rangi: tu, tu, tu, nyekundu inapiga kama ngoma. Mashine nzima! Akamwita mama wa usafi, akampima naye, nyekundu ileile. Mama wa usafi akauliza kama anaumwa. Akaambiwa hapana. Akauliza sasa anapimwa nini. Bonyeza akamshukuru, mama akatoka na ndoo yake akiguna.

Basi mashine haisemi uongo. Kama mashine haisemi uongo, anayesema uongo ni nani? Hapo ndipo kichwa kilipomchanganyikia. Yalikuwepo mawili tu, ama Dada ama yeye mwenyewe, na yote mawili hakuyataka. Dada atie chumvi? Yule yule aliyesuka siku nzima akiwa na homa ili mdogo wake apate sare ya shule? Lakini mbona skrini haikuwaka? Akawaza labda amechoka na kazi, labda anaona haya kusema amechoka, akatafuta ugonjwa. Akajiona mshenzi kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza hivyohivyo mpaka akafika kwake.

Ijumaa alidamka. Alijiambia anakwenda kumsindikiza Dada hospitalini, lakini ukweli ni kwamba alikwenda kumvizia. Dada aliishi na Mama, nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la nyuma. Bonyeza alipitia nyuma, hakupiga hodi, akasimama kwenye dirisha la jiko kama mwizi wa kuku.

Dada alikuwa peke yake. Alitaka maji. Hakushika koki kwa vidole. Aliisukuma kwa kiwiko, mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikakubali. Akaja kwenye chupa ya chai. Akaibana katikati ya magoti, akaweka viganja viwili juu ya kifuniko, akazungusha kwa mabega. Uso ulijikunja. Kifuniko kikafunguka, yeye akapumzika, amefumba macho, kama mtu aliyeshusha gunia. Mezani palikuwa na kitana chake cha kusukia, mpini wake umeviringishwa kitambaa ukawa mnene kama mwichi, kisha kimefungwa kwa uzi.

Bonyeza aliganda. Nani anaigiza akiwa peke yake? Unamwigizia nani, koki?

"Utaingia au utaendelea kuchungulia?" Dada alisema bila kugeuka. "Viatu vyako vinapiga kelele tangu getini."

Akaingia. Mama akatokea chumbani, gauni halijafungwa vifungo, akafurahi kumwona. "Daktari! Mbona asubuhi hivi? Haya mwambie dada yako anifunge vifungo, anajizungusha tu."

"Nitakufunga mimi, Mama," alisema Bonyeza. Alipokuwa anavifunga alihesabu vifungo. Vilikuwa kumi na moja, vidogo kama dengu, na aliwaza ni asubuhi ngapi Dada amepambana navyo.

Njiani hawakuzungumza sana. Dada aliuliza tu, "Ikitoka vilevile?"

"Sijui," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumtamkia neno hilo mtu wa nyumbani kwao.

Saa mbili unusu Dada alikuwa amekaa mbele ya mashine, mkono wa kulia juu ya mto mdogo. Bonyeza akapaka jeli, akashika kile kichwa cha mashine, akakiweka kwenye kifundo cha kidole cha shahada, akabonyeza.

"Aa! We baba, taratibu! Unatafuta mtoto humo?"

"Tulia, Dada. Lazima nione vizuri."

Akawasha rangi. Kijivu. Akahamia kidole cha pili, akabonyeza zaidi ili awe na uhakika. Kijivu. Moyoni alikuwa akiomba iwake, jamani iwake hata kidogo. Hebu fikiria, mtu anaomba dada yake awe mgonjwa.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akachungulia. "Bonyeza, daktari wa viungo anauliza ripoti. Saa nne gari lake linaondoka."

"Mwambie dakika chache," alisema akiwa amegeukia mlangoni.

"Hee! Mbona pamewaka?" Dada alisema.

Bonyeza akageuka haraka. "Wapi?"

"Hapo. Palikuwa pekundu."

Kijivu. Akatazama skrini, akamtazama Dada. Yale mawazo ya jana yakamrudia, na safari hii yakamuuma. "Dada, usinifanyie hivyo. Nakuomba."

"Nikufanyie nini? Nakwambia pamewaka! Macho yangu hayana baridi yabisi." Alikuwa amekasirika sasa, na hasira ilimrudishia ile sauti ya zamani ya kuamrisha. "Geuka. Tazama mlango kama ulivyofanya."

"Nitazame mlango nimpime nani?"

"Geuka!"

Akageuka. Mtu mzima, mwenye kitambulisho shingoni, anautazama mlango uliofungwa.

"Sasa!" Dada akapiga kelele.

Akageuka. Hakuna kitu. Wakarudia. Sasa! Hakuna. Sasa! Hakuna. Bonyeza alihisi anarukwa na akili. Mashine gani hii inayosubiri mtu atazame pembeni? Au inamwonea haya? Akaanza kufikiria waya, akafikiria umeme, akafikiria hata mambo ambayo mtu wa hospitali hapaswi kuyafikiria.

Dada hakuwa akitazama skrini tena. Alikuwa anatazama mkono wa mdogo wake. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa mikono na vichwa vya watu, na mkono aliujua.

"Mdogo wangu," alisema polepole. "Ukitazama skrini, unanikandamiza. Ukitazama mlango, unaniachia."

"Lazima nikandamize. Bila kukandamiza huoni."

"Huoni nini? Hebu njoo hapa." Akakishika kiwiko cha Bonyeza kwa ile mikono yake iliyovimba, akaunyanyua mkono mzima juu, kidogo tu, mpaka kichwa cha mashine kikawa kimeelea kwenye jeli bila kugusa ngozi sawasawa. "Kichwa cha mtoto mwenye vidonda unakikamata hivi. Kama hukigusi."

Skrini ikawaka.

Haikuwaka kidogo. Kifundo kizima kiling'aa, wekundu ukitambaa na kurukaruka kama makaa yaliyopulizwa. Bonyeza akabonyeza, wekundu ukafa. Akaachia, ukarudi. Akabonyeza tena. Ukafa.

"Kama kucha," Dada alisema. Akabonyeza ukucha wa Bonyeza kwa kiganja, ukawa mweupe. Akauachia, ukarudi rangi yake. "Damu unaifukuza mwenyewe, halafu unasema haipo."

Ndiyo hivyo tu. Hakukuwa na uchawi wala waya mbovu. Mishipa mikubwa, kama ule aliojipimia jana, haijali ukiibonyeza; ile midogo ya ndani ya kiungo, myembamba kuliko uzi, inanyauka hapohapo. Miaka yote hiyo ya kubonyeza matumbo, na hakuna siku aliyowahi kujiuliza kama kidole ni tumbo. Na si vidole vya Dada tu. Akamkumbuka mlinzi mmoja wa ghala aliyekuja kupimwa vidole baada yake, na mwalimu mmoja. Wote aliwaandikia wazima.

Dada alikuwa anacheka. Kisha akawa analia, kisha vyote viwili kwa pamoja. "Kwa hiyo sitii chumvi! Umeona? Sitii chumvi! Mungu wangu, naumwa! Naumwa kweli!" Akautazama ule moto kwenye skrini kwa upendo. "Hebu piga picha, nimpelekee mwenye saluni. Nimpelekee na Mama. Jamani, nilishaanza kuamini kuwa mimi ni mvivu, unajua? Nilikuwa naamka nasema labda ni kweli."

Bonyeza alipiga picha. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkono ulikuwa mwepesi sasa, unaelea. Alikuwa anatabasamu pamoja na Dada, kifua kimefunguka, anafikiria atakavyomkabidhi yule daktari ripoti na kumwambia ulikuwa sahihi, mama. Kwenye kidole cha kati akazima rangi ili atazame mfupa.

Akaacha kutabasamu.

Ukingo wa mfupa, ambao ulipaswa kuwa mstari mweupe ulionyooka, ulikuwa na kipengo. Kidogo tu, kama biskuti iliyong'atwa na panya. Akageuza upande wa pili kuhakikisha. Kipo.

"Mbona umenyamaza?" Dada aliuliza.

Angeweza kusema hakuna kitu. Neno hilo alikuwa analijua vizuri, lilikuwa limezoea ulimi wake. Daktari angeona mwenyewe kwenye picha, angempa Dada dawa, na Dada asingejua zaidi.

"Hapa," alisema, akaonyesha kwa kidole. "Mfupa umeliwa. Ule moto ukikaa sana ndani ya kiungo, unakula mfupa."

"Mfupa unarudi?"

"Haurudi. Dawa itauzuia usiliwe zaidi."

Dada akasogeza uso karibu na skrini. Alikuwa bado na machozi ya kicheko. "Umeliwa lini?"

Bonyeza alibonyeza vitufe. Akaitoa picha ya miezi sita nyuma, mkono uleule, kidole kilekile, saini yake chini. Akaziweka mbili kwa pamoja. Kwenye ile ya zamani kila kitu kilikuwa kijivu, kimya, na ukingo wa mfupa ulikuwa mzima, laini kama ganda la yai.

"Siku ile haukuwa umeliwa," alisema.

Dada alitazama picha ya kushoto, akatazama ya kulia. Akarudia. Kule nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa.

"Moto ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Niliukandamiza." Alitaka kuomba msamaha, na kila neno alilolishika aliliona jepesi mno kwa kazi hiyo. "Dada..."

"Ngoja kwanza." Dada alichukua karatasi ya kufutia jeli, ikamponyoka vidoleni, akaiacha hapo ilipoangukia. Alipozungumza sauti haikuwa na hasira, na Bonyeza angependa sana iwe nayo. "Jumapili utakuja kula kwa Mama. Utakaa kwenye kiti kilekile, uyaseme haya wewe mwenyewe, wote wakiwepo."

"Nitasema."

"Usiseme mashine ilikosea."

"Sitasema mashine."

Dada akauondoa mkono wa kulia juu ya mto, akauweka wa kushoto mahali pake, akaunyoosha kadiri vidole vilivyokubali.

"Haya, na huu," alisema. "Taratibu."

Bonyeza akapaka jeli nyingi. Akakishika kile kidude kwa ncha za vidole, akakishusha kidogokidogo, na kabla hakijagusa, alimtazama Dada usoni kwanza kuona kama anaumia.